Mashine Yangu na Wageni wa Suti

Jamani, chekeni tu, mie mwenyewe nimeshajicheka. Nafyatua matofali hapa Madale. Redio iliposema kuna muswada unakuja, kwamba ukipita, mashine yako tu itatosha kuwa dhamana ya mkopo, bila hati ya nyumba, nilirukaruka kama nimeshinda bahati nasibu! Wakasema watu watapita mitaani kukusanya maoni.

Jumamosi wakaingia wanaume wawili, suti na tai. Sikuwapa hata nafasi ya kukaa. Niliwavuta mpaka uani, nikawasha mashine, tope likawarukia.

“Andikeni!” nikapaza sauti. “Nyumba nzima hii, kitu cha thamani ni hii mashine! Vingine vyote humu ndani ni mzigo tu!”

Mkubwa wao akafuta tai yake taratibu. “Mzee, mashine tumeiona, hongera. Ila sie ni washenga, tumekuja kumposa binti yako Neema. Mama Neema alisema unatusubiri.”

Kweli, mke wangu aliniambia wiki nzima, na mie redio sikioni. Nikageuka. Neema alikuwa amesimama mlangoni na gauni jipya, kashika sinia.

“Baba,” akasema, “mzigo umeleta soda.”