Madamu Alisema Ninatoka

Mwaka wa 1976 nilikuwa na miaka kumi na minne. Baba akafa kazini mgodini, chini ya udongo, na taabu ikaanza. Sitafuti huruma, ninakupa tu mwanzo wa hesabu. Juzi mjukuu wangu alikuwa barazani anakariri Kiingereza chake, namna ya kugeuza maneno ya mtu unapoyapeleka kwa mwingine. Mzee mzima na mvi zangu, nikasimama nikaenda kunywa maji.

Tulikaa na kambo, mama ya baba yangu. Asubuhi vumbi la makala, yaani makaa, jioni bukari, ugali wetu, na samaki wakavu wa Kilwa, ile ya ziwani kwetu, chumvi mpaka midomo inawasha. Kambo aliuza makala sokoni, na mimi nilimbebea magunia kabla ya kwenda masomo. Ndiyo maana kola yangu haikuwahi kuwa nyeupe.

Kiingereza alitufundisha mama mmoja wa ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, upande wa Zambia, tukimwita Madamu. Hakupiga mtu. Zoezi lake lilikuwa kutuma: anakupa neno kwa Kiingereza, unalipeleka darasa lingine, na ukifika usiseme "mimi", useme "yeye". Jambo hilo lilitushinda. Kwetu ukitumwa unafika unasema, "Kambo asema, ninakuja," na kila mtu anajua anayekuja ni kambo. Maneno ya mkubwa unayabeba kama alivyokupa, huyagusi. Mwenzangu mmoja, ndevu ndiyo kwanza zinaanza, alipeleka neno la Madamu kwamba ana watoto wanne. Akalisema kwa "mimi". Toka siku ile tukamwita Mama ya Bana Bane, mama wa watoto wanne.

Muhula ule prefe, mkuu wa shule, akatangaza kwamba watoto wamezidi viti. Kila mwalimu atatoa jina la mmoja, arudi kwao. Tuliacha kucheka. Wenye baba walijipa moyo kidogo. Sisi mayatima tulikaa kama kuku walioona kisu. Kila Madamu alipofungua mdomo, nilisikia jina langu kabla hajasema kitu.

Siku ya tatu homa ikamkamata mbele yetu. Akashika meza. Mimi nilikuwa karibu na mlango, akanitazama, akasema polepole kwa Kiingereza: nenda umwambie prefe, "I am leaving school, I am sick." Kwamba anatoka shuleni, anaumwa.

Ofisi ya prefe ilikuwa mwisho wa veranda. Ukutani alitundika kipande cha mpira wa gari cha kuchapia, alikiita dawa. Njiani nilirudia: she, she, she. Mlango ulipofunguka, she ikakimbia, na habari ya homa pia. Nikasema, "Madame said I am leaving school."

Hakuinua kichwa. "Njo weye?"

"Ndiyo, Sitwayeni Prefe," nikajibu, yaani raia, kama tulivyoamriwa kuitana enzi hizo. Nilidhani anauliza kama ni mimi niliyetumwa.

"Unabebaka makala, eh? Inaonekana ku kola." Akafungua kitabu kikubwa, akauliza jina langu, akalipiga mstari kwa rula. "Basi. Salimia bantu ya kwenu."

Nielewe vizuri, rafiki yangu. Sikugundua nikiwa nyumbani. Niligundua palepale kwamba amedhani Madamu ametoa jina langu, kalamu bado iko mkononi mwake. Neno moja lingetosha. Nikatazama ule mpira, nikasema merci, nikatoka.

Baada ya wiki mbili Madamu alipona, akaja mpaka kwetu kwa miguu. Nilijificha nyuma ya choo. Nilifikiri prefe amemwambia nimesema uongo.

"Mama, mutoto iko wapi? Ilikuwa makosa. Kiti yake iko."

Kambo alitazama magunia yake ya makala. Mgongo wake ulikuwa umekwisha wakati ule, na magunia hayakupungua.

"Anasema hatarudi tena," akajibu. "Anasema masomo imemuchokesha."

Sikuwa nimesema neno. Na sikutoka. Madamu alisubiri, akaita jina langu mara moja, kisha nikasikia viatu vyake vinakwenda barabarani.

Kambo alikufa, sikumuuliza kamwe. Soko lile la makala sasa ni maduka ya simu. Madamu sijui alirudi kwao mwaka gani. Hakuna tena mtu hai wa kushuhudia kwamba masomo niliyataka, basi ninalisema mwenyewe.

Nilijifunza kuchomelea vyuma. Mageti mengi unayoyaona Golf, mtaa wa matajiri, yametoka mikononi mwangu, na wenye villa wananisubiri zamu yao. Leo nina nyumba mbili za bati, karakana, mashine tatu za kuchomelea, pikapu moja, shamba la mahindi, na watoto saba waliomaliza masomo. Ofisi ya mkubwa siingii peke yangu. Ninakwenda na mke wangu, yeye ndiye anayesema.