Ujira wa Mtu wa Mbali

Wivu niliomwonea yule kijana wa Unyamwezi ulininyima hata usingizi. Tulijenga tuta moja la reli, hapa Dodoma, enzi za Wajerumani. Majembe yetu yalitoka ghala moja na jasho lilitutoka sawa. Lakini siku ya malipo yeye alipokea rupia mara mbili ya zangu.

Nilimwuliza nyapara sababu.

"Wewe mvua ikinyesha unakimbilia shamba la mama yako," akanijibu. "Yeye kwao mbali. Atakimbilia wapi?"

Basi kumbe kosa langu ni kuwa na kwetu! Mama alikuwa mjane, ng'ombe wetu walikuwa wameteketea kwa ugonjwa wa sotoka, nami nilikuwa nimeapa kulijaza tena zizi lake. Kwa ujira ule ningeota mvi kabla ya kupata hata mtamba mmoja.

Kibaya zaidi, kijana huyo alikuwa akilala kwetu, kwenye kona ya tembe. Mimi mwenyewe ndiye niliyemkaribisha, kabla sijajua analipwa nini. Mama alimpakulia ugali wa uwele na mlenda, akimsifu kwamba hana makuu. Kila tonge alilomeza yeye lilinikaba mimi.

Reli ilipozidi kwenda magharibi, niliifuata. Sasa na mimi nikawa mtu wa mbali. Nililipwa kama yule kijana, na wenyeji wa huko, waliopata nusu yangu kwa kazi ileile, walinitazama kwa jicho nililolijua vizuri. Nilifurahi, tena sana. Misimu ya kilimo ikapita, nami sikurudi kulima hata mmoja.

Hatimaye nilirudi kwa gari la moshi, rupia zimefungwa kiunoni. Zizi la mama halikuwa tupu. Ng'ombe walikuwa wamelala humo wakicheua. Yule kijana alikuwa ameacha kazi ya reli, akanunua ng'ombe kwa ujira wake, na kila mvua iliponyesha alilima shamba letu. Mama alimwita "mwanangu" mbele yangu, wala hakuona haya.

Nilisimama pale na fedha zangu, roho ikiniuma, sijui nimpe nani. Kijana akaingia ndani, akatoka na kigoda changu, akakipangusa vumbi na kukiweka kivulini.

"Karibu kaka, keti," akasema. "Utakaa siku ngapi?"