Kisu cha Mzee Bakili

Kabla soko jipya la Kariakoo halijainua mapaa yake ya zege kama miavuli, mtu wa kusini aliyeingia mjini na kifurushi chake hakuulizia soko. Aliulizia Hoteli ya Vitalis, Mtaa wa Mchikichi. Wala haikuwa hoteli ya vitanda. Kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya Kiswahili, benchi nne, meza mbili ndefu, na uani jiko la mafiga matatu ambalo Hyasinta, binti Vitalis, alianza kulipuliza akiwa na miaka minane.

Harufu ilikufikia kabla ya mlango. Ugali wa muhogo, tui la nazi, na kisamvu kilichopikwa kwa korosho mbichi zilizotwangwa mpaka zikatoa maziwa. Mtu wa Newala au wa Masasi alipoinusa, alisimama kidogo barabarani, kama mtu aliyesikia akiitwa kwa jina la utotoni.

Sahani hazikuwapo. Chakula kilitoka kwa sinia, watu sita sinia moja, na hukuchagua wa kula naye. Kuli wa bandarini aligusana viwiko na karani, Mkristo wa Ndanda akamega upande mmoja na Mwislamu wa Tunduru akamega upande wa pili. Miaka ile redio ilituhubiria undugu asubuhi na jioni, na maneno yake yalikuwa mazuri, ya kweli. Lakini Mtaa wa Mchikichi undugu ulikuwa ukila saa saba mchana, mikono imeoshwa, tangu enzi za Mwingereza, na hakuna mtu aliyeuandikia bango.

Sinia lile lilisimama juu ya jambo moja: kuku. Vitalis alikuwa Mkristo, rozari shingoni mpaka siku ya kufa. Lakini hakuna kuku aliyewahi kuingia chunguni mwake bila kuchinjwa na rafiki yake Bakili, Mwislamu wa Tunduru, aliyekuwa kuli pamoja naye bandarini. Kila siku, baada ya sala ya alfajiri, Bakili alitoka Magomeni kwa miguu, akavuka Jangwani, kisu amekiviringisha kwenye gazeti kuukuu. Vitalis alipofariki, mwaka wa sitini na tisa, Bakili hakuacha kuja.

"Shikamoo, baba mdogo," Hyasinta humwamkia.

"Marahaba, mama. Wangapi leo?"

"Saba."

"Saba! Umeajiriwa kulisha jeshi?"

Kisha huelekea kibla, hutaja jina la Mungu, na kazi huisha kabla jua halijafika ukutani.

Baba yake alimwachia Hyasinta wosia mmoja tu wa kazi. "Ugali songa wewe, kisamvu twanga wewe. Kuku mwachie Bakili." Hakueleza zaidi. Hyasinta aliuchukulia kuwa wosia wa biashara: Kariakoo imejaa Waislamu, na asiyechinjiwa na Mwislamu atakula kuku wake mwenyewe. Alikuwa na haki ya kufikiri hivyo. Hakuna aliyemwambia vingine.

Basi ikafika siku ya kufunguliwa soko jipya. Tangu saa kumi na moja alfajiri watu walikuwa wamejaa barabarani, ngoma zinalia, watoto wa shule wamepangwa mistari na vibendera. Hyasinta alijua atapata wateja maradufu. Unga alikuwa nao, magunia mawili ya makopa, muhogo uliokaushwa, yaliyokuja kwa meli kutoka Mtwara, na miezi ile ya foleni za chakula hilo halikuwa jambo dogo. Kisamvu kilikuwa kimetwangwa tangu jana yake. Kuku saba walikuwa chini ya tenga.

Bakili hakuja.

Saa moja, hakuja. Saa mbili, hakuja. Hyasinta alisimama mlangoni akitazama upande wa Jangwani, hakuona ila vichwa vya watu. Saa tatu na nusu alirudi uani. Maji yalikuwa yanachemka bure. Kwenye paa la jiko palikuwa pamechomekwa kisu cha baba yake, cha kumenyea muhogo. Alikichomoa. Akajiambia kuku ni yuleyule, mkono ni mkono, na Mungu ni mmoja, kama wanavyosema wote wanapokula. Akawachinja, mmoja mmoja, haraka, bila kutazama nyuma.

Saa saba benchi zilijaa. Walikuwapo wachukuzi wa sokoni waliovaa mashati safi kwa ajili ya sherehe, naye Hamis akiwa mbele yao, msukuma mkokoteni mwenye mdomo usiopumzika. Alikuwapo Tarsis, tarishi wa ofisi moja mjini, Mkristo wa Ndanda, kwao Vitalis hasa, aliyekula hapo tangu enzi za mzee.

"Dada Hyasinta," Hamis alipaza sauti, "soko limefunguliwa, sufuria lako bado? Au tulipigie ngoma?"

"Lipigie na tumbo lako, lina ngozi ya kutosha," Hyasinta akajibu, wakacheka wote.

Ndipo Bakili akatokea mlangoni, vumbi mpaka magotini, jasho linamtiririka.

"Wamefunga barabara zote," alisema akihema. "Nimezunguka Ilala yote kwa miguu ya mzee. Nisamehe, mama. Kuku wamekuwaje?"

Chungu kilikuwa kimekwisha pakuliwa. Tarsis akamvuta mzee akae pale alipokaa siku zote, kwenye sinia la kwanza, maana bila yeye kumega tonge la mwanzo hakuna aliyemega. Bakili aliona kuku juu ya ugali, akatabasamu.

"Kumbe umempata mtu. Nani, Uwesu wa bucha? Umefanya vizuri."

Akanawa. Akasema bismillahi. Mkono ukashuka kwenye sinia.

Hyasinta angeweza kunyamaza. Aliona njia mbili wazi kabisa. Akinyamaza, mchana utapita kama michana mingine yote. Akisema, sinia la baba yake litapasuka mbele ya macho yake: hawa upande huu, wale upande ule, na kesho kila mtu na sahani yake. Miaka thelathini ya Vitalis imwagike kwa kisu cha kumenyea muhogo. Akautazama mkono wa mzee, vidole vilivyopinda kwa kubeba magunia ya watu, na hakuweza kunyamaza.

"Baba mdogo, usile."

Mkono ukasimama.

"Uwesu sikumwita. Nimechinja mimi."

Huko nje ngoma ziliendelea kulia kana kwamba hakuna lililotokea. Hamis ndiye aliyesema kwanza, na safari hii hakuwa akitania.

"Ulitaka kutulisha haramu, dada?"

"Nilitaka. Lakini ningetaka kweli nisingesema."

"Na siku nyingine? Ngapi tumekula hatujui?"

"Hamis." Ilikuwa sauti ya Bakili. "Siku nyingine nilikuwapo mimi. Leo nimekosekana mimi; ukitaka kumkosea mtu adabu, nikosee mimi."

Waislamu waliondoa mikono. Wakristo watatu waliokuwa kwenye sinia lile walibaki na zao hewani, wakitazamana. Kuku alikuwa mbele yao, amenona, na kwao hakuwa na kosa lolote. Hyasinta alijua kwamba hapa ndipo penyewe. Wakila hawa, na wale wakitazama, mambo yamekwisha.

Tarsis aliurudisha mkono wake. Akashika vipande vya kuku kimoja kimoja, akavitupa kwenye bakuli, akasukuma bakuli kando.

"Ondoa, Hyasinta. Tuletee kisamvu."

"Wewe si unakula, Tarsis?" mtu aliuliza.

"Nimekula hapa miaka kumi na tisa na mzee huyu. Leo nitafune kuku yeye akinitazama?"

Bakili akaanza kucheka, kicheko cha chini, cha kifuani, mpaka machozi yakamtoka.

"Amerudi," alisema. "Vitalis amerudi, jamani."

Hapo ndipo Hyasinta alipoisikia hadithi ya baba yake na Bakili kwa mara ya kwanza. Vijana wawili walikutana Liwale, hawajuani, wote wanaelekea Dar kutafuta kazi. Wakaungana. Porini kabla ya Rufiji walikaa siku tatu bila chakula. Siku ya tatu Vitalis alimnasa kwale, akamnyonga shingo kwa furaha kabla hajafikiri. Akawasha moto, akamchoma, kisha akamgeukia mwenzake na kuona hanyooshi mkono.

"Nikamwambia, kula ndugu yangu, mimi dini yangu hainiruhusu mzoga," Bakili alisema. "Baba yako alimtazama kwale, akanitazama mimi. Akamrusha kichakani. Tukalala njaa wote wawili. Asubuhi akaniambia, siku nikiwa na nyumba ya chakula, kisu utashika wewe."

Hyasinta alikaa kwenye benchi, upawa mkononi. Miaka sita yote alidhani ni biashara.

Sinia lilikwenda na kisamvu peke yake. Bakili alimega tonge la kwanza, wakafuata wote, na Hamis naye, akilalamika kwamba korosho ni chache. Kuku saba walikwenda kwa majirani Wakristo nyumba ya pili.

Miaka michache baadaye mzee alirudi kwao Tunduru, kwenye kijiji kipya, kulima ekari zake mbili. Siku ya kuondoka aliwapita wachukuzi wote waliokuja kumuaga, akamkabidhi Hamis kile kisu kilichoviringishwa kwenye gazeti.

"Mimi?" Hamis alisema. "Mzee, mimi hata kuamka siwezi."

"Utaweza. Wewe ndiye uliyeuliza siku ngapi mmekula bila kujua."

Na kweli, kila alfajiri, kabla mikokoteni haijaanza kupiga kelele Mtaa wa Mchikichi, mlango wa uani hugongwa.

"Wangapi leo, dada?"

"Saba, Hamis."

"Saba! Umeajiriwa kulisha jeshi?"