Leseni ilisema kanga kapigwa Desemba, nilichokikuta shingoni mwake kikasema Machi

Wakuu, salamu kwa kila mmoja alipo, na shikamooni mlionizidi umri.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara tatu. Leo nimeamua uende. Ninayoyasimulia nimeyashika kwa mikono yangu, sijahadithiwa na mtu. Majina nimebadilisha, mengine nimeyaacha yalivyo.

Nina mgahawa mdogo Kihonda, hapa Morogoro mjini. Wali wangu ni wa mchele wa Dakawa, na kilichonipa jina ni kanga wa nazi. Nikisema kanga namaanisha ndege jamani, msije mkafika hapa mkaniulizia khanga za kuvaa (imeshatokea).

Kanga ni nyamapori, huwezi kujiuzia tu kama mchicha. Nilifuata kibali, upande wa ndege peke yake. Afisa wanyamapori aliyenishughulikia nitamwita dada Rehema. Mdada mmoja mpole, anaongea taratibu, haandiki kitu mpaka amekiangalia mara mbili.

Alinielekeza hivi. Leseni ya mwindaji inataja ndege gani, wangapi, eneo gani, kuanzia lini hadi lini. Kanga ni kanga. Kororo, yule ndugu yake mwenye kishungi cheusi kichwani, ni ndege mwingine na anaandikwa kivyake. Kwale kivyake, bata maji kivyake. Ndege aje kwangu na kichwa na manyoya yake ili atambulike, pamoja na nakala ya leseni. Mitego hapana, kurunzi hapana, sumu ndiyo kabisa.

Msimu unafunguliwa Julai, Desemba ikiisha unafungwa. Mwindaji akibakiza ndege kwenye friza yake anawaandikisha kabla ya kufunga, anapigiwa muhuri, kisha anaruhusiwa kuwamalizia hao tu. Ndege mpya hakuna.

"Mama, asiye na karatasi usimpokee," aliniambia, "hata akiletwa na ndugu yako."

Sasa aliyekuwa ananiletea alikuwa ndugu yangu kweli. Kaka Deo, kaka mkubwa wa mume wangu, Baba Neema. Kwao ni Mgeta, huko juu Uluguru, analima kabichi na njegere, halafu ana shamba la mahindi amekodi bondeni upande wa Mvomero. Bunduki anayo ya halali. Kanisani ni mwenyekiti wa jumuiya. Nilipofungua mgahawa ndiye alinipa friza ninayotumia mpaka leo, tena bila kuombwa.

Kwa hiyo mkisoma mbele mjue nilikuwa namshuku mtu wa namna gani.

Msimu ukafungwa. Januari Kaka Deo akaleta kanga, na fomu ya mabaki ina muhuri wa dada Rehema. Sawa. Februari akaleta tena. Machi akaleta wengine sita.

Hao sita ndio walionianzishia mashaka.

Aliwaleta kwenye boksi la barafu. Nilipomshika mmoja, barafu ilikuwa juu juu tu. Ukimbonyeza kifuani nyama inaingia ndani. Ndege aliyelala kwenye friza tangu Desemba huwa kama tofali, unaweza kumgongea mlango.

Nikamwambia, "Shemeji, hawa mbona laini?"

Akacheka. "Umeme wa kwetu huko unaujua mwenyewe, shemeji. Unakatika siku mbili, unarudi."

Jibu zuri. Nikalikubali mdomoni.

Lakini ukishaanza kumshuku mtu, wakuu, hata anavyofunga boksi lake unamwangalia. Zamani alikuwa anakaa, anakunywa chai, anamsubiri mdogo wake. Siku hiyo alishusha mzigo, akawasha pikipiki, akaondoka. Nikajiuliza ana haraka gani. Halafu nikajilaumu, huyu si ndiye aliyenipa friza?

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, Bi Mwajuma akaniita. Huyu ni mama mtu mzima kunizidi, ndiye mkono wangu wa kulia jikoni, na kwa kunyonyoa ndege sijaona mwenzake.

"Mwanangu, njoo uone."

Alikuwa amewanyonyoa wanne, kawalaza kwenye sinia.

"Miaka yote kanga wa Deo lazima niwakute na marisau," akasema. Marisau ni vile vipunje vya risasi ya shotgun. "Huwa natoa mawili, matatu, yasije yakamvunja mtu jino. Hawa wanne nimewapapasa mpaka chini ya mbawa. Hakuna hata tundu."

"Labda kawapiga kichwani."

"Wote wanne?"

Nikageuza shingo ya mmoja. Matumbo Deo alikuwa ameshayatoa, lakini kuna kile kifuko cha shingoni ambako ndege anahifadhi chakula kabla hakijashuka. Hicho hakukitoa. Nikapasua kwa kisu.

Yakamwagika mahindi. Mahindi ya waridi.

Mkulima yeyote anaijua rangi hiyo. Ni mbegu ya dukani, imepakwa dawa, ya kupanda. Kanga ana tabia ya kufukua mbegu shambani mstari mzima. Na mbegu inapandwa masika, yaani muda huo huo tuliokuwa nao.

Najua kuna mtu ataandika hapa kwamba hata vuli watu wanapanda, Novemba, kwa hiyo kanga wa Desemba angeweza kuwa nazo. Na mimi nilijiwekea swali hilo hilo. Ila vuli ile mvua zilituruka, na Kaka Deo hakupanda hata punje. Alikaa kwenye kiti changu cha plastiki akanilalamikia mbegu zimemlalia stoo.

Halafu nikanusa yale mahindi.

Mimi nimekulia Mgeta pia. Harufu ya dawa ya kupulizia kabichi naijua kabla sijaijua harufu ya manukato. Haikuwa harufu ya mbegu ya dukani. Mtu alikuwa ameyalowesha.

Nikageuza ndoo, nikaikalia.

Bi Mwajuma akauliza polepole, "Wale wawili wa jana jioni?"

Nilikuwa nimeshawapika. Nimeshawauza.

Sasa nifanye nini? Nikimpigia dada Rehema, muhuri kwenye ile fomu ni wake. Nikakumbuka kila akipita ananiuliza "shemeji yako hajambo?" Nikaona hapo ndipo siri ilipo, hawa wawili wanajuana, nikiripoti nitakuwa nimejipeleka mwenyewe. Nikimwambia mume wangu atasema namchukia kaka yake. Nikamtazama hata Bi Mwajuma, nikawaza huenda ndiye kabadilisha ndege friza ilipokuwa wazi. Nawaambia ukweli, asubuhi ile nilimshuku kila mtu isipokuwa sinia.

Nikahitaji kujua kwa hakika. Nikafanya jambo ambalo mpaka leo silifurahii.

Nikampigia Kaka Deo.

"Shemeji, za kuamka. Asante kwa wale kanga, wazuri kweli. Mmoja nimempikia mama, Baba Neema kampelekea alfajiri."

"Mama yupi?"

"Mama yenu, shemeji. Wa Mgeta."

"Katika wale wa jana?"

"Wa jana."

"Asile." Sauti ilimbadilika kabisa. "Shemeji, asile! Mpigie huyo mdogo wangu amwage, asimpe hata mchuzi!"

"Kwa nini asile?"

Akakata.

Nilikuwa nimedanganya, wakuu. Hakuna kanga aliyekwenda Mgeta. Mume wangu alikuwa kazini, mjini hapa hapa. Nilitaka tu nisikie atajibu nini, kisha nimwambie palepale kwamba mama yuko salama.

Nikapiga, simu inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Yeye alikuwa shambani bondeni, anapiga nyumbani kwao mlimani.

Na Jumamosi asubuhi ndiyo siku ya jumuiya kwao. Siku hiyo walikuwa wamekusanyika kwa mama mkwe, uani, wanasali. Jirani aliyepokea simu akaja mbio anapiga kelele mbele ya watu wote, "Deo anasema usile kanga! Wana sumu, kawawekea mwenyewe!"

Mama mkwe alikuwa na rozari mkononi. Akauliza, "Kanga gani?"

Ndivyo kijiji kizima kilivyojua. Sikupanga hivyo. Mungu anajua sikupanga.

Mume wangu alifika mgahawani kabla ya saa tano. Kaka yake alikuwa ameshampigia, na yeye akajibu hajui kanga wala Mgeta. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Umemfanya mama yangu chambo?"

Nikamwonyesha sinia. Nikampa yale mahindi anuse. Alinusa, akayaweka chini, akanawa mikono. Akasema, "Kaka kakosa. Na wewe umekosa." Akatoka.

Nikafunga mgahawa, nikawatia wale wanne na mahindi yao kwenye mfuko, nikaenda kwa dada Rehema. Nilijua nikikosea mtu, mimi ndiye nitalala ndani.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaitazama fomu ya mabaki, akautazama muhuri wake. Nikawa namwangalia usoni nione kama atapepesa macho.

"Alinifungulia friza," akasema. "Mifuko imegandiana barafu tupu. Nilihesabu mifuko. Sikufungua hata mmoja."

Kisha akavuta karatasi, na kosa la kwanza aliloliandika lilikuwa lake mwenyewe. Nilimwona akiliandika. Nikaona aibu kwa yote niliyomuwazia. Ile "shemeji yako hajambo" kumbe ilikuwa salamu tu.

Ndege walichukuliwa kwenda kupimwa. Majibu yalipotoka, dawa ilikutwa. Kibali changu kikasimamishwa siku ile ile niliyoripoti. Sikulalamika.

Siku mbili baadaye mama mkwe akashuka mjini. Mwenyewe, na fimbo yake na kikapu cha njegere.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeniua kwa mdomo, mwanangu, lakini nipo. Mwite Deo."

Kaka Deo alikuja jioni. Alikuwa amekonda kwa siku mbili tu. Akaeleza mbele yetu. Aliandikisha ndege wote wa leseni yake ilhali wengi hakuwa nao, mifuko ile mingi ilikuwa na kuku, ili leseni isiishe bure. Masika alipopanda, kanga wakamfukulia mbegu. Akalowesha mahindi ya mbegu kwenye dawa ya kabichi, akawamwagia pembeni mwa shamba. Asubuhi akawakuta wamekufa, hawana jeraha, wanono.

"Nikaona kuwatupa ni hasara," akasema. "Karatasi ya kuwauzia ninayo. Na nikajua nikishatoa matumbo, sumu imetoka."

Mama yake akamgeukia.

"Kama ulijua imetoka, mbona mimi ulinizuia nisile?"

Kaka Deo akainamisha kichwa. Mama akajishika kwenye fimbo akasimama, akaomba apelekwe akalale.

Kesho yake asubuhi Deo alikwenda ofisini kwa dada Rehema kwa miguu yake. Bunduki na leseni zimechukuliwa, kesi bado anaihudhuria. Uenyekiti wa jumuiya ameuacha mwenyewe. Tukikutana ananiita shemeji kama zamani, lakini hakai kunywa chai. Mume wangu tunaishi vizuri, ila akimtembelea mama yake siku hizi haniambii anaondoka saa ngapi, na mimi siulizi.

Mgahawani sasa napika kuku. Wateja wananuna, najua.

Nilichojifunza ni hiki. Mimi hizi sheria za msimu na leseni nilikuwa naziona ni usumbufu wa ofisi, muhuri juu ya muhuri. Nikawa naangalia karatasi tu, ikikaa sawa nimeridhika. Kumbe ilitakiwa nimwangalie na ndege. Ukinunua nyamapori omba uone leseni, soma tarehe, soma jina la ndege, kisha mshike ndege mwenyewe umkague. Muuzaji akikasirika, ondoka. Na taratibu za kwenu ziulizie ofisi ya kwenu, mimi nimesema nilivyoelekezwa hapa.

Na kuhusu ile simu niliyompigia Kaka Deo, naomba maoni yenu bila kunionea haya. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

La mwisho, na ndilo lililonifanya nisiufute huu uzi mara ya nne. Wale kanga wawili wa Ijumaa jioni waliliwa na madereva wawili wa malori waliokuwa wanaelekea Dodoma. Mmoja alikuwa na kofia nyekundu, alisifia nazi, akaomba na mchuzi wa kubeba. Sikuwauliza majina. Nimeulizia maegesho yote ya malori hapa mjini, hakuna anayewajua.

Kama ni wewe, au unamfahamu, niandikie hapa neno moja tu kwamba mko wazima.