Nyoka Aliyeoga Goma

Phocas Hakizimana alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti nzuri ya kuongoza rozari, na katika chumba chake cha nyuma, chini ya picha ya Bikira Maria, alifuga nyoka thelathini na wanne. Majirani zake pale Gisenyi, mpakani mwa Rwanda na Kongo, walikuwa na maelezo mawili: kwamba ni mchawi, au kwamba ni mwendawazimu. Waliompenda walichagua la pili.

Hawakuwa nyoka wa kuua mtu. Walikuwa wale wembamba wa kahawia wanaoingia majumbani kutafuta panya, wasio na sumu, wasio na hasira, na kwa kweli wasio na akili nyingi. Phocas aliwaweka ndani ya kreti za bia zilizopigiwa mbao na wavu. Dancille, mke wake, alisema hajawahi kuona kreti za bia zikileta nyumbani kitu kibaya kuliko bia yenyewe, na mpaka siku hiyo alikuwa ameona mengi.

Ufugaji huo alifundishwa na Mbelgiji mmoja wa mambo ya kilimo, aliyetumwa kuwafundisha Wanyarwanda kulima viazi, kana kwamba walikuwa wamekaa wakimsubiri. Viazi viliendelea bila yeye, naye akatumia miaka yake kando ya ziwa akifuga nyoka. Phocas alikuwa mtunza bustani wake. Mwaka tisini na nne Mbelgiji aliondoka kwa haraka hata soksi zake zikabaki kwenye kamba, na nyoka wakabaki kwa Phocas.

Wakabaki na elimu yao. Mayai yakipasuka, Phocas aliketi uani juani na karai lake, Dancille ameketi upande wa pili na ungo. Mke anachambua maharagwe, mume anachambua vitoto vya nyoka. Wa kahawia wa kawaida huku. Wenye rangi ya chai ya maziwa kule. Wenye wekundu wa tangawizi, na wenye mistari iliyokatika, kila aina kreti yake. Mbelgiji alimwambia kwamba rangi ya ajabu hujificha ndani ya wazazi wa kahawia, kisha huibukia kwa wajukuu, kama pua ya katekista fulani iliyokuwa ikiibuka katika familia tatu za mlimani bila maelezo. Na alimwachia sheria moja: usitaje rangi ya nyoka mpaka avue ngozi, umwangalie juani. Kwa sababu nyoka anayekaribia kuvua ngozi hudanganya. Macho yake hujaa maziwa, mwili wote hupata ukungu wa buluu, na kwa siku chache mnyama wa rangi ya mchuzi wa maharagwe hufanana na ziwa Kivu asubuhi. Kisha anavua, na mchuzi unarudi.

Phocas aliijua sheria hiyo kuliko alivyojua Amri Kumi, ambazo mbili alikuwa akizisahau kila mara.

Mwaka tisini na tisa akatokea Jack. Jack alikuwa mzungu aliyezaliwa Nakuru, akizungumza Kiswahili kizuri kuliko wakubwa wetu wengi, na alirusha ndege kuukuu ya mizigo kati ya Goma na Kisangani. Alikuwa na gazeti lililochanika, lenye picha za nyoka wa kila rangi ambao watu wa Ulaya huwaweka sebuleni kama sisi tunavyoweka kalenda. Yeye mwenyewe nyoka aliwajua kwa picha tu. Alinunua wale wa tangawizi na wa mistari, akawapeleka anakojua yeye.

Aliyewavusha mpakani ni Pulchérie, mdogo wake Dancille, mwanamke mfupi mwenye shingo ya kubeba gunia. Kila asubuhi alipita barrière ndogo, kizuizi cha mpakani, na kapu la kabichi za Cyanzarwe, na nyoka chini ya kabichi katika bati la mafuta lililotobolewa.

"Mama, iko nini mule chini?" askari aliuliza.

"Iko nyoka," alijibu Pulchérie, bila kusimama.

Askari walicheka mpaka kofia zikawaanguka, wakampitisha. Mwaka mzima alisema kweli, na mwaka mzima hakuna aliyemwamini. Huyo ndiye mtu ambaye Phocas alimtia ndani ya uongo wake.

Ilikuwa hivi. Jack alituma ujumbe: nileteeni kitu ambacho hakimo katika gazeti langu. Phocas akazunguka kreti zake wiki nzima. Siku ya nane akamwona jike mmoja mkubwa amejikunja, mwenye ukungu, mwenye maziwa machoni. Buluu. Alijua ni nini. Alisimama mbele ya kreti ile, mikono mgongoni, na akajua kabisa. Kisha akamfunga ndani ya boksi lenye wavu, kichwa kikiwa chini ya mikunjo, akampa Pulchérie na maagizo.

"Mwambie asimwamshe siku tatu. Akishtuka, rangi inaharibika."

"Shemeji, kumbe nyoka naye anashtuka?"

"Huyu ni wa pekee."

Jioni yake Pulchérie alirudi na malipo: redio kubwa ya Jack, yenye spika mbili. Mtaa mzima ulikuja kuishangaa. Phocas aliiwasha mara moja, akasikia mtu anasoma habari kwa sauti ya kumtuhumu, akaizima. Akaifunika kwa kitambaa cha meza. Dancille akauliza kama redio imefiwa.

Siku ya tano Pulchérie alirudi kutoka Goma na ujumbe.

"Jack anasema hivi: 'Mwambie Phocas nyoka yake imeoga.' Ni hivyo tu. Mi sikuelewa. Iliogea wapi?"

Phocas alielewa: nyoka amevua, mchuzi umerudi. Jumamosi akaenda kuungama. Akaanza kueleza habari ya nyoka aliyemsingizia rangi, na padri, kijana mwenye mafua, akafikiri ni lugha ya mafumbo kuhusu Shetani. Alimpongeza kwa kujitafakari, akampa Salamu Maria tatu. Phocas alitoka akihisi amemwibia na padri vilevile.

Labda ingeishia hapo, redio chini ya kitambaa na dhambi chini ya redio. Lakini wiki mbili baadaye Pulchérie alikuja asubuhi bila kapu. Katika maisha yake yote alikuwa hajaonekana asubuhi bila kapu, hata siku ya harusi yake watu wanaapa alibeba kitu. Aliketi juu ya kreti, akakumbuka iko na nini, akahamia kigodani.

"Jack amekataa kumuleta Harerimana," alisema.

Harerimana ni mume wake. Mwaka tisini na sita alisombwa na mkondo wa watu waliokimbilia ndani ya misitu ya Kongo, na kwa miaka miwili Pulchérie alimwombea bila kujua amwombee kama hai au kama marehemu, akawa anachanganya sala zote mbili. Kisha ikaja barua: yuko Kisangani, anatengeneza baiskeli, ana homa zisizoisha, barabara zimefungwa na vita. Haji mtu kutoka kule isipokuwa kwa ndege.

"Aliniahidi, shemeji. Hakutaka kitu. Alisema, 'Mama kabichi, unanibebea vizuri, safari yangu ya mwisho wa mwezi nitakuletea bwana yako.' Sasa jana naenda kumukumbusha, ananiambia: 'Wewe na shemeji yako ni batu ba mchezo mumoja.' Mchezo gani? Mi nilibeba tu! Bon, mimi nikamwambia Phocas ni mutu wa kanisa, hawezi kudanganya. Akacheka. Alinicheka, shemeji, kama askari wa barrière."

Dancille aliacha kupepeta. Phocas akatazama miguu yake, ambayo kutokana na tumbo hakuwa ameiona vizuri siku nyingi.

"Jack alikosea," akasema. "Na mimi nilikosea. Nyoka ni mnyama mgumu."

Hiyo ilikuwa mara ya pili kudanganya, na safari hii haikuhitaji hata nyoka.

Sasa, Phocas alikuwa na siri nyuma ya kreti zote. Miezi mitatu kabla, katika mayai ya mama wa kahawia na baba wa kahawia, alitoka kitoto cha manjano. Manjano ya ndizi iliyoiva, na macho mekundu kama matone ya damu. Hakumwonyesha mtu. Alingoja avue ngozi ya kwanza: manjano. Ya pili: manjano. Ngozi zote mbili alizihifadhi kati ya kurasa za kitabu chake cha misa. Mbelgiji angelia. Phocas aliota chumba kizima cha manjano, wana na wajukuu, na Jack akipiga hodi na kofia mkononi. Kwa ndoto hiyo alihitaji miaka, na nyoka yule mmoja.

Usiku huo hakuota. Asubuhi alivaa koti la Jumapili, akaweka bati chini ya kabichi za Pulchérie, akasema, "Twende wote."

"Iko nini mule chini?" askari akauliza.

"Iko nyoka," akasema Pulchérie.

Wakacheka. Phocas peke yake hakucheka, na ndiyo maana wakampekua yeye.

Jack alikaa Birere, mtaa wa Goma, nyuma ya duka la vipuri, na alikuwa akinyoa ndevu uani. Alipomwona Phocas alishusha wembe.

"Ah! Mwenye nyoka msafi."

Phocas aliingiza mkono chini ya kabichi. Akafungua bati. Jua lilikuwa limetoka, na kile kitoto kikajinyosha juu ya kabichi kama uzi wa dhahabu. Povu likakauka kwenye shavu la Jack. Alienda ndani, akaja na gazeti lake, akafunua kurasa, akalifunga.

"Unataka nini?"

"Kiti kimoja kwenye ndege. Harerimana. Basi."

"Na hii nayo ikioga?"

"Haitaoga."

"Ile ya buluu pia ulisema ya pekee. Hapa Goma nimeuziwa kasuku aliyepakwa rangi, na kimvua kidogo tu akabaki njiwa. Nitajuaje?"

"Angalia macho," Phocas akasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua kazi yake. "Ile ni damu yenyewe, haipakwi. Na hana weusi popote, hata ulimi. Amekwisha vua mara mbili, ngozi hizi hapa. Nyoka anayekaribia kuvua utamjua tu, jicho linakuwa na maziwa, tumbo linakuwa na ukungu. Mtoto mdogo atamjua. Hawezi kukupotea hata…"

Akauma ulimi. Alikuwa amechelewa.

Jack alifuta povu polepole. "Hata mtoto mdogo," akasema. "Kwa hiyo ile siku ulimwangalia nyoka machoni."

Pulchérie alikuwa amesimama na kabichi kifuani. Alimwangalia Jack, halafu akamgeukia shemeji yake, na akabaki amemgeukia.

Njia ya kuponea ilikuwepo. Phocas angeweza kusema elimu hii ameipata juzi. Lakini kama hakujua wakati ule, basi hajui na sasa, na manjano hii ni bahati nasibu tu, na Harerimana atabaki Kisangani na homa zake. Manjano ilihitaji mjuzi. Na mjuzi pekee aliyekuwepo pale alikuwa mwongo.

"Nilijua," akasema. "Nilimwona maziwa machoni. Nilijua atavua baada ya siku nne au tano. Nilimficha kichwa makusudi. Huyu mama hakujua kitu, alibeba tu."

Jack alicheka mpaka gazeti likamwanguka. Alichukua nyoka. Akasema tajiri mmoja Ulaya atapiga magoti, na mwisho wa mwezi Harerimana atakuja juu ya magunia ya kahawa, kama hataki kukaa juu ya magunia abaki. Biashara ikaisha kwa muda mfupi kuliko kununua nyanya.

Njiani, kabichi zikiwa zimeuzwa, Pulchérie alitembea akitazama mbele. Phocas alijaribu.

"Shemeji, nisamehe."

Pulchérie alihamisha kapu tupu kutoka bega moja kwenda jingine, upande wa Phocas, likawa kati yao mpaka barrière. Askari akauliza kwa mazoea iko nini. Pulchérie akasema, "Hakuna kitu." Naye safari hiyo akapekuliwa.

Harerimana alifika kweli, mwembamba, mwenye vumbi la kahawa masikioni. Pulchérie alimweleza kwamba shemeji alitoa nyoka wake wa thamani kuliko wote kwa ajili yake. Ni kweli. Hakumweleza zaidi ya hapo, na Phocas anaamini ni adhabu. Kwa maana kila Jumapili baada ya misa Harerimana humkumbatia mbele ya kanisa zima na kuwaambia watu, "Huyu! Huyu ndiye aliyenitoa msituni!" Watu wanapiga makofi. Phocas anasimama ndani ya mikono ile na jasho linamtoka kama mtu anayesomewa hukumu. Kisha Harerimana anafuatana naye nyumbani kusikiliza mpira kwenye ile redio. Anauliza kwa nini mtu mwenye redio nzuri hivi anaifunika.

Pulchérie hajabeba tena nyoka. Kabichi bado anauza, na Dancille bado humtuma Phocas kununua. Wauzaji wengine hukupa kabichi, ukaenda. Pulchérie anamwekea shemeji yake moja mikononi, mbele ya wateja wote.

"Fungua kwanza, shemeji," anasema kwa adabu yote. "Toa majani, angalia mpaka ndani. Mi sitaki useme nilikuuzia kitu bila wewe kujua."

Na Phocas anasimama pale sokoni, koti la Jumapili au la kazi, anamenya kabichi jani kwa jani, mpaka kwenye moyo wake mweupe. Wateja wanangoja. Hajawahi kukataa.