Kondoo Mwenye Zipu Mgongoni

Fundi akisifiwa sana kabla sijaona kazi yake, namtilia shaka. Nimekulia Mbeya, jirani na soko la Mwanjelwa, na nilishaona bibi harusi akisimama sherehe nzima kwa sababu gauni la fundi maarufu halikumruhusu kukaa. Kwa hiyo mwalimu wa watoto kanisani kwetu Iringa aliposema mavazi ya igizo la Krismasi yanatoka Mbeya, kwa fundi wa maigizo, "siyo hawa wa mtaani", nikanuna palepale.

Binti yangu alikuwa kondoo. Chekechea walishampa jina la Kikojozi, maana aliwahi kujikojolea mstarini. Akilisikia, anajificha nyuma ya sketi yangu na haongei tena.

Vazi likaja. Zuri, sisemi uongo: masikio yamesimama, manyoya meupe, mshono hauonekani. Zipu moja tu, mgongoni, kutoka kisogoni mpaka mkiani.

"Sasa anakojoaje?" nikamuuliza mwalimu.

Akacheka. "Mama, igizo lenyewe fupi. Halafu fundi kasema lisiguswe, ni kazi ya kitaalamu."

Lisiguswe! Vipimo alitumiwa kwa simu, hajamwona mtoto hata mmoja.

Nikafumua katikati ya miguu, nikaweka kifuniko na vifungo vya shati kuukuu la baba yake. Nyumbani kulikuwa na uzi mweusi tu, wa sare. Kikapinda. Nikakiacha.

Siku yenyewe mvua, baridi, na watoto wamenyweshwa chai ya maziwa kwanza. Fundi naye kaja, kavaa suti, kutazama kazi zake. Akauona uzi mweusi kwa mbali.

"Nani kachokonoa kazi yangu? Dada, huu ni ushamba."

"Mtoto ni wangu, kaka. Mshonee wako."

Kabla ya kuingia, kondoo wakaanza kubana miguu. Mmoja zipu ikang'ata manyoya, mama yake anavuta, mtoto analia, soksi zikalowa. Wangu nikamfungua, akaenda, akarudi mkavu, akalia "mee" kwa sauti kuliko kundi zima.

Baadaye nikalikuta vazi tulilolivua kwenye benchi. Fundi kalipindua, anapiga picha vifungo vyangu.

"Unapiga picha ushamba?"

"Kumbukumbu tu, dada."

Kumbukumbu gani? Nikamnyang'anya vazi.

Njiani binti yangu akauliza kama mwakani atakuwa kondoo tena. Nikamwambia atakuwa. Ila vazi nitalikagua kwanza mimi, hata likija na vifungo.