Bu Tarwiyah, anayevua tepe za tamasha bila mkasi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Jumapili, kichochoro cha nyuma ya soko la Palmerah, Jakarta, bado kina madimbwi ya mvua ya jana. Watu watatu wamekaa kwenye benchi la Bu, yaani Mama, Tarwiyah, kila mmoja amenyoosha mkono mbele kama anayesubiri kutolewa damu. Mmoja ana rangi ya fedha mashavuni ambayo hajaiosha. Jana walikuwa kwenye tamasha, na leo wanataka tepe walizofungwa mikononi pale mlangoni ziwatoke zikiwa nzima.

"Wa kwanza," anasema Bu Tarwiyah bila kuinua kichwa. "Usijikaze. Ukijikaza nitakuumiza, halafu utaniita mkali."

"Mkali ni mkali tu," anadakia Pak, yaani Bwana, Karsono, muuza uji wa mchele aliye jirani. "Marehemu mumewe alikuwa anaomba ruhusa ya kukohoa."

"Karsono, koroga uji wako, unaungua."

Anaushika mkono wa binti mwenye rangi ya fedha, anaugeuza, anakitafuta kifungo cha plastiki kwa ncha ya kidole gumba. Ndani ya kifungo hicho kuna meno madogo. Utepe wa kitambaa unapita kwenda mbele bila shida, lakini kurudi nyuma haukubali. Walioutengeneza walitaka utoke kwa mkasi tu. Bu Tarwiyah ana ukanda mwembamba wa plastiki alioukata kwenye chupa ya maji. Anaupenyeza kati ya kitambaa na meno, anasubiri, anausukuma kidogo, na kifungo kinaanza kurudi kilikotoka. Dakika nne, hakuna uzi uliochanika.

Kisha anafanya jambo ambalo wateja wapya hulilalamikia. Anauvuta utepe uleule, krrr, mpaka kitanzi kinabaki cha kupitisha kidole gumba tu.

"Haya, ni wako. Kautundike ukutani."

"Bu, mbona umeufunga tena?"

"Ili ubaki wako."

Sababu ya mtindo huo haielezi kwa kila mtu, maana imemchosha kuieleza. Miaka mitatu iliyopita meza yake ilikuwa nje ya uzio wa uwanja wa michezo, mahali pazuri, penye watu wengi. Siku moja alikuja kijana akilia kwamba ngozi inamwasha, aondolewe utepe mara moja. Bu Tarwiyah akamhurumia. Nusu saa baadaye utepe ule ulikuwa mkononi mwa mtu mwingine aliyeununua kwa walanguzi, akakamatwa langoni, na alipoulizwa nani aliyeuvua akamnyooshea Bu Tarwiyah kidole. Walinzi walibeba meza, kiti na hata mwavuli.

"Sikuiba kitu, lakini nilionekana mwizi," anasema. "Tangu siku hiyo nikivua nafunga. Walanguzi wananitukana, nami nawaitikia asante."

Ana umri wa miaka hamsini na mbili na vidole vyembamba visivyolingana na mwili wake. Alivipata Purbalingga, kwao, ambako kwa miaka kumi na tisa alikuwa kiwandani akitengeneza kope za bandia: unywele mmoja kwenye uzi, fundo, vuta, mwingine, fundo, vuta. Msimamizi alipita nyuma yao kutwa akisema kwamba fundo lisilovutwa si fundo. Kazi ilipopungua kiwandani, wakapunguzwa wao. Akaja Jakarta kushona vifungo na zipu za wapita njia, mpaka siku msichana mmoja alipomlilia amvue utepe bila kuukata.

Kwa utepe mmoja hutoza rupia elfu kumi na tano. Wikiendi yenye tamasha kubwa anaweza kupata tepe thelathini. Wiki zisizo na tamasha anarudi kwenye zipu, na siku nyingine haifiki hata elfu hamsini. Kichwa kinamuuma kila ifikapo mchana. Mara nyingine, anasema, humwonea wivu mtu yeyote anayelipwa kwa kusimama tu.

"Nimechoka. Si uchovu wa kulala ukaisha. Ni wa kuamka nao."

Watatu wale wameondoka. Bu Tarwiyah anamega tempe, yaani soya iliyogandishwa na kukaangwa, aliyoletewa na Pak Karsono, mara mwanamke kijana anaingia kichochoroni akikimbia, amevaa koti juu ya sare nyeupe. Anaitwa Nilam, ni muuguzi wa wodi ya watoto njiti katika hospitali ya jirani. Zamu yake inaanza saa mbili. Wodini kwake hakuna anayeruhusiwa kuvaa kitu chini ya kiwiko, hata pete ya ndoa. Na utepe wake ni wa siku mbili, jana na leo jioni. Ukikatwa, haingii tena.

"Uvue, Bu, lakini usiufunge. Nitauvaa tena nikitoka kazini."

"Sifanyi hivyo."

"Bu, nakuomba. Nimeweka akiba miezi mitano. Nimebadilishana zamu na watu watatu. Jana nilikwenda kushangaa wanamuziki wa watu wengine. Wa kwangu wanapanda jukwaani leo. Nawapenda tangu nikiwa shule, na ndiyo mara yao ya kwanza kuja huku."

"Kila mtu ana hadithi. Aliyenifukuzisha uwanjani alikuwa na nzuri kuliko hiyo."

"Bu Tar, hebu mtazame huyu," Pak Karsono anaingilia, mwiko mkononi. "Mlanguzi gani anavaa viatu vya namna hii? Soli imecheka."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Bu Tarwiyah anatikisa kichwa. Nilam anamwonyesha kitambulisho cha kazi. Hakitazami. Badala yake anauchukua mkono wake na kuupapasa kiganjani, juu ya vidole, katikati ya vidole. Ngozi ni kavu, imepasukapasuka kama ya mfua nguo.

"Mkono huu unanawa mara ngapi kwa siku?"

"Siwezi kujua, Bu. Kila nikimgusa mtoto, kabla na baada."

Bu Tarwiyah anautafuta ukanda wake wa plastiki. "Kaa," anasema.

Anafanya kazi safi kuliko zote za asubuhi hiyo. Kifungo kinarudi polepole, kitambaa hakikunjiki, utepe unateleza juu ya kifundo cha mkono na kutoka. Nilam anaanza kusema asante. Hapo mkono wa Bu Tarwiyah, uliovuta mafundo miaka kumi na tisa na tepe miaka mitatu, unafanya ulichozoea kufanya. Krrr.

"Bu!"

Mazoea yana taabu. Kitanzi kimebaki cha kidole gumba, na saa ya Nilam inaonyesha saa moja na dakika tano.

Bu Tarwiyah anakilaza kitanzi mapajani. Anauchukua ukanda wake wa plastiki na kuanza upya, lakini safari hii kitambaa kimejikunyata mlangoni mwa kifungo na ukanda haupiti. Anajaribu upande wa pili. Anausogeza utepe kwenye mwanga, karibu na pua. Nilam anamwangalia. Kwanza ana hasira, halafu hasira inamtoka.

"Bu," anasema taratibu, "hapo unapopatazama hakuna kifungo. Kiko huku."

"Najua kiliko."

"Huoni, Bu. Tangu lini?"

Bu Tarwiyah anashusha mikono mapajani. "Mwaka wa pili sasa. Ukungu tu. Mwanzoni nilidhani ni moshi wa Karsono."

Pak Karsono ameacha kuchota uji. Siku zote alizomtania, hakujua kwamba jirani yake anawafanyia kazi watu asiowaona sura, anawatambua kwa mifupa ya mikono tu. Anaona aibu na kuinamia uji wake.

"Usininyamazie kama matanga," Bu Tarwiyah anamkaripia. Kisha anamgeukia Nilam na kumwekea ukanda wa plastiki kiganjani. Hajawahi kumpa mtu. "Wewe unatafuta mshipa kwenye mkono wa mtoto mdogo kuliko kiganja chako. Meno sita hayatakushinda. Shika."

"Sijui pa kuanzia."

"Mimi najua. Kunjua kitambaa kwanza kwa kucha. Usisukume! Nani kakwambia usukume? Kiache kilale. Sasa ingiza, laini, kama unamvisha mtoto soksi."

Mara ya kwanza ukanda unapinda. Mara ya pili unaingia nusu na kutoka. Wanaandaa mwingine kutoka kwenye chupa, Pak Karsono akikata na Bu Tarwiyah akipima unene wake kwa midomo. Mara ya tatu Nilam anashusha pumzi, na Bu Tarwiyah aliyetega sikio anasema, "Jino la kwanza. Endelea."

Kifungo kinarudi. Uzi mmoja mwekundu umetoka pembeni, basi. Ni saa moja na dakika thelathini na tano.

Nilam anaufungia utepe ndani ya leso na kuitumbukiza mfukoni. Anatoa pesa, anarudishiwa. Angepaswa kukimbia, lakini anachuchumaa mbele ya benchi, anamwinua kidevu Bu Tarwiyah na kumtazama macho kwenye mwanga.

"Huyu ni mtoto wa jicho, Bu. Anatolewa. Kadi ya bima unayo?"

"Ninayo. Imekaa droo moja na hofu yangu. Nikifunikwa macho wiki kadhaa, tamasha hazinisubiri. Na daktari akikosea je? Sasa hivi angalau ukungu naufahamu."

"Njoo hospitalini Jumatano asubuhi. Ulizia Nilam wa watoto njiti, nitakupeleka mwenyewe."

Bu Tarwiyah anajipangusa mikono kwenye kanga, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Wataniandika jina?"

"Watakuandika, na kukufunga utepe mkononi wenye jina lako."

"Wa kitambaa?"

"Wa plastiki. Una kifungo kama hiki, mgumu zaidi."

"Na mkishamaliza?"

"Tunaukata, Bu. Kwa mkasi, tunautupa."

Pak Karsono anaangua kicheko, ambacho asubuhi hiyo kilikuwa kimechelewa. Bu Tarwiyah hacheki. Amekishika kifundo cha mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, anakipapasa pale utepe utakapokaa.

"Jumatano nitakuja," anasema. "Lakini waambie wenzako, wangu asiuguse mtu. Nitatembea nao hivyohivyo mpaka nione. Siku hiyo nitauvua mwenyewe, nikiutazama."